Kipande

Barua ya ofisi ya kazi imeletwa na bodaboda,
muhuri wake wa zambarau haujakauka vizuri.
Nimeisoma nimesimama, kati ya marobota ya mkonge,
kisha nimeketi nikaisoma tena kwa kidole.

Mimi ni Mwanjaa binti Semnkande,
mwenye karakana ya kamba na mazulia ya mlangoni,
Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani.
Watu sita, mashine mbili, moja ina kikohozi.
Ukutani nimebandika: *Mali bila daftari hupotea bila habari.*
Kila robota lina namba, kila zulia lina tarehe.
Watu sikuwaandika.

Miaka kumi na mmoja nimeajiri kwa mdomo.
"Njoo Jumatatu." Akija, kaajiriwa.
"Jumatatu usije." Hakuna swali.
Mshahara kwenye bahasha ya kaki,
Idi naongeza kilo ya sukari,
najiona mtu mwema.

Sasa naambiwa: andika.
Kazi gani, saa ngapi, kwa shilingi ngapi.
Wa muda, muda wake unaisha lini na kwa nini.
Ukimwachisha, sababu iwe na miguu ya kusimama
mbele ya watu wasiokujua.
Peleka mchango wa pensheni mwezi haujageuka.
Na mama akijifungua kabla ya siku,
wiki ambazo mtoto alipaswa kuwa tumboni
nazo zihesabiwe.

Hapo nikatazama kiti cha Nyamvula.

Mtoto wake yuko Bombo, kilo moja na robo,
mwepesi kuliko kitita cha kamba ninachouza rejareja.
Juzi nilimtumia ujumbe: *Pole mwanangu.
Nafasi yako nimempa mwingine kwa sasa.*
Kwa sasa! Nilijificha nyuma ya maneno mawili.

Nikageuza barua, nikapiga hesabu mgongoni mwake.
Mshahara wa aliye wodini, mshahara wa anayemshikia,
asilimia hii, asilimia ile, mkanda wa mashine.
Zulia likipanda bei, mteja wangu wa Arusha
atahamia plastiki bila hata kuaga.
Waliotunga sheria hawakuniuliza mkanda ni bei gani.
Nilisema maneno. Sitayaandika hapa.

Usiku, nikitafuta leseni ya biashara sandukuni,
mkono ukaangukia kipande cha babu.
Kadi ya shamba la mkonge, upande wa Pongwe,
vyumba thelathini, kila siku chumba chake.
Ishirini na tisa vina alama ya nyapara.
Cha thelathini ni cheupe.
Bibi alikuwa akisema: siku ile alikimbilia mkunga,
siku ile ndiyo alizaliwa baba yako.
Na kadi isiyojaa haikulipwa.

Nimeigeuza mbele na nyuma chini ya taa.
Jina la shamba lipo. Sahihi ya nyapara ipo.
Pa babu kuweka hata kidole, hapakuwepo.

Sikulia, nisije kuonekana mtunga visa.
Nilichana kurasa tatu za daftari la marobota
nikaandika mkataba kwa mwandiko wangu wa kuku,
nikakosea tarehe, nikafuta, nikaandika upya.
Ule ujumbe niliufuta pia, ingawa najua
alikwisha kuusoma.

Wodini alikuwa amemfunga mwanawe kifuani,
ngozi kwa ngozi, kichwa kama limau.
Hakunipa mkono. Alisoma kurasa zote tatu,
mimi nimesimama kama mwomba kazi.
"Hapa umeandika siku pungufu," akasema.
Nikahesabu. Kweli.
Nikarekebisha, ndipo akasaini, jina refu,
lote, mpaka la babu yake.

Yule niliyempa nafasi naye kaja leo,
anauliza karatasi yake iko wapi.
Mashine bado inakohoa.
Arusha hawajajibu.